Masizi Kwenye Shingo ya Mpiga Makasia

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa kituo chetu cha televisheni. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi. Ndugu wageni waalikwa. Wakuu wa idara zote, pamoja na ile idara ambayo bado inabishana nani ni mkuu. Wasanii wetu, mliokufa na mliosalimika. Mafundi wa taa, wa sauti, wa moshi na wa feni. Mama yangu mzazi, uliyekaa mstari wa mbele kwa sababu ulikataa katakata kukaa wa pili. Na wewe Mama Kata, mwongozaji wetu, tunayekuaga leo baada ya kutuvusha miaka yote hii kwenye bahari isiyo na maji: nawasalimu nyote kwa heshima zote.

Mimi ndiye mshauri wa historia wa tamthilia hii. Kwa wageni wasioifahamu kazi hiyo, mshauri wa historia ni mtu anayelipwa ili aseme jambo, kisha wenzake waendelee na shughuli zao. Kabla ya hapo nilikuwa baharia wa jeshi, nikawa mkufunzi wa mabaharia, nikastaafu, nikadhani nimepumzika. Ndipo Mama Kata akanipigia simu, akasema, "Kaka, tunataka kila kitu kiwe sahihi." Nayakumbuka sana maneno hayo, kwa kuwa hakuyarudia tena.

Humu ndani wengi hawanijui kwa jina. Wananiita Si Kweli. Jina hilo nilipewa wiki ya kwanza, na sikulipinga, maana kila nilipofungua mdomo, hayo ndiyo maneno yaliyotangulia kutoka. Mwenzangu naye akaitwa Mama Kata kwa sababu hiyohiyo. Basi tulifanya kazi pamoja hivyo: mimi nasema si kweli, yeye anasema kata, na mambo yanabaki palepale.

Ndugu wageni waalikwa, tamthilia inaitwa Mlingoti wa Tatu. Meli yetu, kama mnavyoiona hapa nyuma yangu, ina milingoti miwili. Siku yangu ya kwanza niliizunguka sitaha yote nikihesabu, nikidhani labda wa tatu umeegemezwa ukutani unasubiri fundi. Nilipomwuliza Mama Kata, aliniangalia kwa upole, ule upole unaomwonyesha mgeni aliyebisha hodi nyumba siyo. Akasema, "Wa tatu ni nahodha mwenyewe. Yeye ndiye anayeishikilia meli." Nikamwambia nahodha si mlingoti. Akasema, "Kaka, watazamaji wataelewa." Na kinachoudhi ni kwamba walielewa.

Ukumbi huu, kabla haujawa studio, ulikuwa ghala la saruji. Mpaka leo nahodha akikanyaga kwa nguvu, vumbi jeupe linatoka katikati ya bahari. Sitaha imekaa juu ya matairi ya trekta, na mawimbi yanasukumwa na mafundi wanne wenye mipini mirefu, wawili kila ubavu. Bahari ikichafuka, wanaongezwa wawili. Wakati ule mafundi wa mawimbi walipogoma kwa ajili ya posho, sehemu nzima ilichezwa meli ikiwa imetia nanga, na nahodha akapewa maneno marefu sana kuhusu utulivu.

Je, nieleze makosa yote? Sitayamaliza, na chakula kitapoa. Nitagusa machache tu, ili Bodi ijue fedha zake zilikwenda wapi.

Kuna vita ya kwanza, ambapo bendera inapepea kuelekea omo, yaani mbele ya meli, na moshi wa bomba unaelekea tezi, yaani nyuma. Upepo huo haujawahi kuvuma duniani. Chanzo chake ni kwamba fundi wa feni na fundi wa moshi walikuwa hawasemezani, na kila mmoja aliweka mashine yake upande wake wa ukumbi. Nilipendekeza wapatanishwe. Mama Kata akaona hiyo ni kazi ndefu, akamwongezea nahodha mstari mmoja: anatazama juu, anakunja uso, anasema, "Upepo wa huku siuelewi." Nami sikuuelewa.

Nahodha huyohuyo alipima kimo cha jua usiku wa manane. Alikishika kile chombo cha kupimia kichwa chini miguu juu, akafumba jicho alilopaswa kulifumbua, akatangaza mahali tulipo bila kubahatisha hata kidogo. Nikasema si kweli, usiku hakuna jua. Mama Kata akasema, "Ndiyo maana yeye ni nahodha."

Meli ikazama sehemu ya sita, ikazama kabisa, watu wakalia, wengine humu studio. Sehemu ya nane ikarudi, imepakwa rangi mpya. Nikauliza imerudije. Nikajibiwa imeopolewa. Nikauliza imeopolewa lini, maana kuopoa meli ya chuma ni kazi ya miezi, na inahitaji meli nyingine ambazo hatunazo. Mama Kata akajibu, "Imeopolewa wakati wa matangazo ya sabuni."

Ndugu zangu, mnacheka. Mimi nilikuwa nazipokea barua za watazamaji.

Katikati ya mapigano makali simu ya mkononi ililia mfukoni mwa baharia mmoja. Vita ile ni ya zamani za babu zetu. Nahodha, uso mkavu, akageuka akasema, "Hiyo ni kengele ya hatari, kila mtu mahali pake," na kila mtu akaenda mahali pake, pamoja na mwenye simu, aliyeipokea akiwa njiani. Halafu kuna shati la nahodha. Alielea baharini siku tatu juu ya ubao, akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ina mistari. Kwa hilo simlaumu Mama Kata. Dobi wetu, yule pale mezani karibu na mlango, alisema wazi kwamba atakayelichafua ndiye atakayelifua, na hakuna mwongozaji aliyezaliwa wa kumwambia dobi huyu vinginevyo.

Na kuna jogoo. Nyuma ya ghala hili kuna jirani anayefuga kuku. Jogoo wake aliwika nahodha alipokuwa anaaga dunia kwa mara ya pili, maili mia tatu kutoka nchi kavu, na fundi wa sauti hakuweza kumtoa. Niliandika malalamiko. Wiki iliyofuata nikakuta banda la kuku limejengwa kwenye sitaha, na mpishi wa meli ameandikiwa ugomvi na jogoo. Hapo nililazimika kukiri mbele ya wote kwamba meli za zamani kweli zilibeba kuku kwa ajili ya mayai. Ndiyo sehemu pekee ya maisha ya meli tuliyoipatia kwa ukamilifu, nayo tuliletewa na jirani.

Sasa, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, naomba nimtambulishe mtu mmoja. Marehemu, hebu simama wakuone. Asante. Huyu ni msanii wetu wa siku nyingi, na jina la Marehemu amelipata kwa jasho. Amekufa katika sehemu zote za tamthilia isipokuwa moja, na hiyo moja alikuwa mgonjwa. Amekufa kwa risasi, kwa homa, kwa kuangukiwa na mlingoti wa pili. Kaa, ndugu yangu, upumzike.

Wageni wengi hawajui utaratibu wetu kuhusu maiti. Studio yetu haina watu wengi. Mtu akishauawa asubuhi, haendi nyumbani. Anaoga, anabadilisha shati, anarudishwa kazini mchana upande wa adui. Jioni anaweza kuwa daktari. Mama Kata alisema hana uwezo wa kulisha watu waliolala chini bila kazi. Alichosisitiza ni kitu kimoja tu: maiti aoshwe vizuri kabla hajafufuka, ili asitambulike. Hayo yalikuwa maagizo, na kwa kawaida yalifuatwa.

Tukafika sehemu ya mwisho. Hapo naomba tunyamaze kidogo na vijiko.

Meli ya sehemu ya mwisho haikubuniwa. Iliundwa kwa kufuata meli ya kweli, ya makaa, iliyopigwa ubavuni wakati wa vita na kuzama. Niliyasoma maelezo yote ya walionusurika, na yote yanakubaliana. Maji yalipoingia chumba cha matanuri, amri ilitoka juu kwamba mlango wa chuma ufungwe, ili meli ibaki juu ya maji muda wa kutosha watu wa sitahani kushusha mashua. Mlango ukafungwa. Watu wa sitahani wakashusha mashua. Watia makaa, wale waliokuwa wakiyalisha matanuri kwa koleo, walikuwa upande wa pili wa mlango huo, na hakuna hata mmoja aliyetoka.

Mmoja wao alikuwa babu yangu, mzaa mama.

Mama Kata alijua. Nilimweleza siku alipoleta mswada, na nikamwambia kwamba kwenye tukio hilo sitavumilia upepo wa ajabu wala sabuni. Alikwenda kurekodi. Nani kati yenu aliliona tukio lile? Hakuna muziki. Nahodha hasemi neno. Mlango unafungwa taratibu, kwa mkono wa mtu ambaye hatuonyeshwi uso wake, halafu unasikia kugonga kutoka upande wa pili, na kamera haiondoki mlangoni mpaka kugonga kunakoma. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mtambo wa sauti. Lilipokwisha, wote waligeuka kunitazama, wakisubiri neno langu. Sikuwa nalo. Mama Kata, nakwambia leo mbele ya wakubwa wako: tukio lile lilikuwa kweli tupu, na mimi kulisema hilo si jambo dogo.

Kisha tukaenda kula. Tuliporudi tukarekodi mashua.

Mashua ilihitaji wapiga makasia, na mmoja hakufika. Marehemu alikuwa amekufa asubuhi nyuma ya mlango wa chuma, akiwa amepakwa masizi mwili mzima. Akaambiwa aoge haraka. Akaoga uso, mikono, kifua, akavaa shati la baharia wa sitahani, akaingia mashuani. Nyuma ya shingo hakujiona. Kamera ikawekwa nyuma yake. Kwa hiyo taifa zima likatazama meli ikizama kwa mbali, na mbele kabisa, katikati ya picha, shingo nyeusi ya mtia makaa aliyekwisha kufa, inakwenda mbele na nyuma, anapiga makasia kwa bidii.

Nilikasirika, ndugu zangu. Nilikasirika kuliko nilivyolikasirikia jua la usiku. Tukio la kweli kuliko yote limefuatiwa palepale na kosa kubwa kuliko yote! Nikamwambia Mama Kata lirekodiwe upya. Akasema mashua imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Nikadai mtu yule afutwe. Akasema hakuna mashine ya kufuta mtu. Tangu mwaka ule kila mkutano wa tathmini nimelishikia bango jambo hilo, mpaka mwenye kuandika muhtasari alikuwa analiandika kabla sijafika.

Sasa Mheshimiwa amepata mashine. Nampongeza. Tamthilia inasafishwa ili ionyeshwe mashuleni, na nimeheshimiwa kuambiwa kwamba makosa yote niliyoyapinga yatarekebishwa kwa idhini yangu. Moshi umegeuzwa. Jua limeondolewa. Simu imenyamazishwa. Limebaki jambo moja, la mashua, na fundi wa uhariri ananisubiri kesho asubuhi nimwambie afute.

Wiki mbili zilizopita niliipeleka ile sehemu ya mwisho nyumbani kwa mama yangu. Hakuwahi kuiona. Zamani alisema hataki, nami sikumlazimisha. Safari hii aliomba mwenyewe. Akakaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, akatazama mlango unafungwa. Nikataka kuzima, akanizuia kwa mkono. Ikaja mashua. Nami kwa mazoea yangu nikaanza, "Mama, hapa si kweli, huyu bwana alikwisha..."

Mama akasema, "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akatazama. Akasema tena, "Rudisha."

Mara ya tatu nikamwambia, kwa upole, kwamba ni kosa la uogaji. Nikamweleza utaratibu wetu wa maiti. Nikamweleza kuhusu mpiga makasia ambaye hakufika. Nikamwambia historia haina shaka, hakuna mtia makaa aliyetoka.

Mama yangu akanigeukia. Nitayasema maneno yake kama alivyoyasema, na yupo hapo, atanisahihisha. Alisema, "Wewe mtoto, kwani mimi sijui kama alikufa? Ni mimi niliyekua bila baba, si wewe. Nimekuuliza historia? Nimekwambia rudisha."

Nikarudisha.

Ndipo akanieleza jambo ambalo katika umri wangu huu wote hakuwahi kulitaja. Alikuwa mtoto mdogo baba yake alipoondoka. Picha hazikuwepo. Uso wake haukumbuki, na ameshachoka kujaribu. Anachokumbuka ni shingo. Baba yake alikuwa akija likizo anambeba mgongoni, naye anashika mabega, na mbele ya macho yake ni ile shingo, nyeusi kwa nyuma. Bibi alikuwa akimsugua kwa jiwe na sabuni, masizi hayatoki, na wote wanacheka. Hicho ndicho alichoachiwa. "Sasa leo," akasema, "nimemwona yuko nje. Anapumua. Anapiga makasia vizuri."

Nilimpigia simu Mama Kata usiku uleule, nikamweleza. Akasema, "Mwambie mama tulikusudia." Nikamwambia. Mama akasema, "Mwongo huyo. Lakini nampenda." Mama, ndiye huyo hapo, amevaa miwani. Naona mmeshatambuana.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, sijabadili msimamo. Nilikuwa sahihi na bado niko sahihi. Mtu aliyefia nyuma ya mlango wa chuma hawezi kuwa mashuani, na mwanafunzi yeyote akiniuliza nitamjibu hivyo. Naomba waalimu nao wawaambie watoto bila kupindisha: watia makaa hawakutoka, mlango ulifungwa kwa amri. Tukio la mlango lipo, limetengenezwa sawasawa, litawafundisha. Na atakayegundua peke yake kwamba mpiga makasia wa mbele ana masizi, apewe alama zake zote, maana ametazama kwa makini kuliko idara yetu nzima.

Lakini nauliza. Tamthilia hii imeiopoa meli wakati wa matangazo. Imemfufua nahodha mara mbili, na shati lake halikuingia hata doa. Imempa jogoo wa jirani mshahara. Je, itashindwa kumtoa mtia makaa mmoja? Tena hatukumtoa kwa hila. Alitoka kwa sababu mtu mmoja hakufika kazini, maji ya kuoga yalikuwa machache, na Mama Kata hakupenda kuona mtu amelala bure.

Mama Kata, watu watakusifu leo kwa tuzo ulizopata, na wana haki. Mimi nakusifu kwa ubishi. Ungekuwa mwongozaji wa kusikia ushauri, ungenisikia, ungenifutia shingo ile siku ileile, na mimi ningekushukuru, na mama yangu asingeiona. Nilikuja hapa kukufundisha bahari. Ulinisikiliza mara moja tu, pale mlangoni, na ilikuwa ndiyo mara iliyostahili. Nenda kapumzike salama. Usifuge kuku.

Kwa hiyo, fundi wa uhariri, uliyeketi karibu na dobi, kesho asubuhi usinisubiri. Jibu langu ni hili, na nalitoa hadharani ili nisije nikajipinga: acha shingo kama ilivyo. Usiipunguze weusi. Mheshimiwa, neno la mwisho ni lako, nami nitaliheshimu.

Naona Mheshimiwa ameinamisha kichwa na kukiinua. Nimeona vizuri? Ameinamisha tena. Katibu, tafadhali andika kwamba amekubali, na kwamba mshauri wa historia alisikilizwa.

Mama, nimemaliza. Yuko mashuani, na ataendelea kuwa mashuani. Nanyi nyote, kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, nawashukuru sana.